NANI ALIPWE FIDIA?
Maisha ya Thomas Fowell Buxton na jamaa yake, na funzo lake kwa Nachingwea na Ruangwa

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na waamini)



Ndugu zetu wapendwa, wenyeviti wa halmashauri za parokia, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mama zetu wa WAWATA, wazee wetu na vijana wetu,

Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani iwaletee habari za mbunge wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1845, ambaye hakupata kuikanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja. Swali hilo ni halali, na tunalijibu tangu mwanzo. Kazi yake iliwagusa watu waliochukuliwa kutoka nchi hii ya kusini tunayoishi. Tena mtu huyo alifaulu katika jambo moja kubwa na akapungukiwa katika mengine mawili, na yote matatu tunayaona hata leo vijijini kwetu. Kwa hiyo hatukuja kumtukuza wala kumlaumu marehemu. Tumekuja kujifunza.

1. NCHI YETU KATIKA BIASHARA YA WATUMWA

Wazee wetu wanajua kwamba njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa zilipita katika nchi yetu ya kusini kuelekea Kilwa na Lindi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa hao walitakiwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, ambavyo leo twaviita Mauritius na Réunion. Walionunuliwa Kilwa hawakuwa wenyeji wa Kilwa. Walikuwa watu wa bara: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, na wengineo wa makabila ya kusini.

Yatupasa tuseme ukweli wote hapa. Aliyemkamata mtu mara nyingi alikuwa Mwafrika mwenzake. Aliyemfikisha pwani alikuwa mfanyabiashara wa bara au wa pwani. Aliyemnunua aliweza kuwa Mwarabu, Mfaransa au Mreno. Waislamu walikuwamo, Wakristo walikuwamo, na wenye kushika dini za mababu walikuwamo. Kwa hiyo yeyote anayeigeuza historia hii kuwa fimbo ya kumpigia jirani wa dini nyingine hasemi kweli, na anaivunja amani ambayo sote tunaihitaji. Vivyo hivyo mtu anayembeza mwenzake kwa kuutaja ukoo wake, kwamba babu zake walikuwa watumwa, anaiendeleza dhambi ya soko la Kilwa baada ya soko lenyewe kufungwa.

2. MALEZI YA BUXTON

Thomas Fowell Buxton alizaliwa tarehe 1 Aprili 1786 katika mkoa wa Essex, Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mama yake, Anna, aliyekuwa wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Quaker, Wakristo waliojulikana kwa kuikataa vita na kuupinga utumwa. Mwalimu wake mwingine alikuwa Abraham Plastow, mtunza wanyama wa shamba la familia, mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Alipokuwa mtu mzima Buxton alisema kwamba mengi ya msingi aliyapata kwa mzee huyo. Wazazi wenzetu tukumbuke: mtoto hufunzwa haki na yeyote aishiye kwa haki mbele yake, hata kama hana cheti.

Mwaka 1807 Buxton alimwoa Hannah Gurney. Dada yake Hannah alikuwa Elizabeth Fry, mama yule aliyeingia katika gereza la Newgate, London, akawahudumia wafungwa wanawake pamoja na watoto wao. Katika noti ya pauni tano ya Uingereza iliyotumika tangu 2002 hadi 2017, Elizabeth Fry alionyeshwa akiwasomea wafungwa, na shemeji yake Buxton amesimama kati ya watu waliokuwapo, mtu mrefu mwenye miwani.

Buxton alipata mali yake katika kiwanda cha pombe jijini London. Mwaka 1816 wafumaji wa nguo wa mtaa wa Spitalfields walipopatwa na njaa, alihutubia mkutano wa hadhara, na zikachangwa zaidi ya pauni 40,000 kuwasaidia. Mwaka 1818 aliandika kitabu juu ya hali ya magereza, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mbunge wa Weymouth.

3. MSIBA NA WITO

Mwaka 1820 nyumba ile iliingiwa na msiba mzito. Katika muda wa majuma machache Buxton na Hannah waliwazika watoto wao wanne, mtoto wa kiume wa kwanza na mabinti watatu. Wazazi mliomo humu mliowazika wenenu mnajua msiba wa namna hiyo unavyoweza kuifunga mioyo ya watu.

Mwaka uliofuata Priscilla Gurney, shemeji yake Buxton, akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho, alimsihi aishike kesi ya watumwa. Katika mwaka huohuo William Wilberforce, aliyeongoza kazi hiyo bungeni kwa miaka mingi na ambaye sasa nguvu zilikuwa zimempungukia, alimwandikia akimwomba awe mrithi wake. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini watu waliokwisha kuwa watumwa katika makoloni yake walibaki watumwa, na watoto wao pia. Buxton hakukubali upesi. Alitafakari kwa muda mrefu, akasoma, akauliza, kisha akaitika. Mwezi Mei 1823 alisimama bungeni na kutoa hoja kwamba utumwa haupatani na dini ya Kikristo wala na katiba ya nchi yake.

4. KAZI ILIYOFANYWA NA UKOO MZIMA

Hapa ndipo alipofaulu, nasi twataka mlishike vema jambo hili. Buxton hakuwa msemaji hodari kuliko wote bungeni. Nguvu yake ilikuwa hesabu: majina, tarehe, idadi ya waliozaliwa na waliokufa, na ushahidi wa mabaharia na askari. Aliwauliza watawala maswali ambayo hawakuweza kuyajibu kwa maneno matupu.

Mwaka 1826 aliitaka Bunge ichunguze kisiwa cha Mauritius. Waingereza walikuwa wamekitwaa kisiwa hicho katika vita dhidi ya Wafaransa, na sheria yao iliikataza biashara ya watumwa, lakini watu waliendelea kuingizwa humo kwa siri kutoka Madagaska na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa sababu ya uzito wa kazi hiyo Buxton alianguka kwa maradhi mwaka 1827, hata watu wake wakadhani atakufa. Alipopona aliendelea. Hatimaye wachunguzi wa serikali wenyewe walithibitisha kwamba madai yalikuwa ya kweli. Kwa hiyo, ndugu zetu, mababu wa kusini walitajwa mbele ya Bunge la London miaka 50 kabla misheni ya Masasi haijaanzishwa.

Je, hesabu zote hizo alizikusanya peke yake? Hapana. Binti yake Priscilla alikuwa karani wake, akiandika barua na kunakili ushahidi. Dada yake Sarah Maria aliishi Northrepps, katika mkoa wa Norfolk, pamoja na Anna Gurney, jamaa yao aliyepooza miguu tangu utotoni. Mwanamke huyo hakuweza kutembea, lakini alikuwa msomi wa lugha aliyefasiri maandiko ya kale ya Kiingereza, naye akatia elimu yake yote katika kumsaidia Buxton kuandaa hoja na vitabu. Wanawake hao hawakuruhusiwa kupiga kura wala kuingia bungeni kama wabunge. Hata hivyo mwezi Mei 1833 Buxton na wenzake walibeba hadi bungeni ombi lililotiwa sahihi na wanawake 187,000, nao wanaume wanne walihitajika kulibeba.

5. SHERIA YA 1833, NA FEDHA ZILIKOKWENDA

Mwezi Agosti 1833 sheria ilipita. Tarehe 1 Agosti 1834 watumwa kama 800,000 wa makoloni ya Uingereza walitangazwa kuwa huru. Siku hiyohiyo Priscilla Buxton alifunga ndoa. Mauritius ilifuata tarehe 1 Februari 1835.

Lakini tuisome sheria hiyo kwa makini. Kwanza, walioitwa huru walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao walewale kwa miaka kadhaa, kwa jina la uanagenzi. Makelele ya watu wenye dhamiri ndiyo yaliyoukomesha mpango huo kabla ya wakati wake, mwaka 1838 katika sehemu kubwa ya makoloni. Pili, Bunge lilitenga fidia ya pauni milioni 20, ambazo zilikuwa karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima. Je, fedha hizo zililipwa kwa nani? Zililipwa kwa wenye watumwa. Mabwana wa Mauritius peke yao walipata zaidi ya pauni milioni mbili. Aliyenyakuliwa bara, akafungwa minyororo hadi Kilwa na kulimishwa miwa hadi mgongo ukapinda, hakulipwa hata senti moja. Deni lililotokana na fidia hiyo Uingereza ilimaliza kulilipa mwaka 2015.

Buxton alikubali fidia kwa mabwana kwa kuwa aliona kwamba bila hiyo sheria haitapita. Baadhi ya wenzake katika harakati walimlaumu vikali. Sisi hatumhukumu, maana hatukuwamo katika kiti chake. Ila tunasema wazi kwamba haki inayomlipa aliyedhulumu na kumsahau aliyedhulumiwa ni nusu ya haki.

Wala mfano huo haukubaki ng'ambo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 amri ya Sultani wa Zanzibar chini ya Waingereza ilipoondoa hali ya utumwa katika sheria, mabwana ndio waliolipwa fidia. Huku bara, wakati wa Wajerumani, mtumwa aliweza kujikomboa kwa kulipa yeye mwenyewe, kwa fedha au kwa kazi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu.

6. DAWA ILIYOPIKWA BILA MGONJWA KUULIZWA

Mwaka 1837 Buxton alishindwa uchaguzi na kutoka bungeni, lakini hakupumzika. Aligundua kwamba baada ya miaka 30 ya sheria na manowari, biashara ya watumwa duniani ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua. Katika vitabu vyake vya 1839 na 1840 alitoa dawa yake: Afrika ijengwe kwa Injili, kilimo na biashara halali, ili mtu awe na thamani zaidi akilima kwake kuliko akiuzwa. Wazo hilo lilikuwa na busara ndani yake. Tarehe 1 Juni 1840 ulifanyika mkutano mkubwa London kuliunga mkono, na mmoja wa waliohudhuria alikuwa kijana David Livingstone.

Mwaka 1841 serikali ilituma merikebu tatu za moshi katika mto Niger, Afrika Magharibi, kutekeleza mpango huo. Zaidi ya Wazungu 40 walikufa kwa homa, na shamba la mfano lililoanzishwa huko likaachwa. Buxton alivunjika moyo, afya yake ikadhoofika, akafariki tarehe 19 Februari 1845. Lakini wazo lake halikufa pamoja naye. Mjukuu wake mwenye jina lilelile, pamoja na tajiri William Mackinnon, waligharimia barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa mwaka 1877. Iliachwa mwaka 1881 ikiwa mbali sana na ziwa. Naye Livingstone alikuwa amelichukua wazo hilo la Injili na biashara hadi Cambridge mwaka 1857, na wito wake ukazaa misheni ya Kianglikana iliyokuja Zanzibar.

Sasa tuangalie mambo mawili yaliyotokea karibu nasi, tuyalinganishe.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni hiyo alitoka Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, akikusudia kuwafikisha pande za Nyasa. Walipofika Masasi, watu wenyewe walipapenda, wakataka kukaa, na safari ikaishia hapo. Walijenga, wakalima, wakazaa. Mwaka 1882 Wangoni waliwashambulia, wengine wakachukuliwa mateka, wengine wakahama, lakini Masasi haikufa. Kutoka kwa watoto waliokombolewa na misheni hiyo alipatikana Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre humo, mwaka 1890, aliyefanya kazi miaka mingi Chitangali, karibu na Newala.

Miaka 70 baadaye ilikuja dawa nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na hapahapa Nachingwea. Matrekta yaling'oa misitu, bandari ilijengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea. Waliopanga hawakumwuliza Mmwera juu ya mvua, udongo wala wadudu, naye ndiye aliyevijua. Mwaka 1951 mpango ulifungwa na zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nasi tumebaki na mashamba yanayoitwa kwa namba.

Waliokombolewa wa Masasi hawakuwa na kitu mkononi, lakini walisikilizwa juu ya mahali pa kukaa, na mji wao upo hadi leo. Mpango wa karanga ulikuwa na fedha na mitambo, lakini ulikosa sauti ya mkulima. Penye wengi pana Mungu, wasemavyo wahenga, lakini iwapo tu hao wengi wamepewa nafasi ya kusema.

7. MAMBO YANAYOTUHUSU SASA

Katika hayo tunapata maagizo matatu ya kufanyia kazi.

La kwanza ni kuhesabu. Tunapolalamika kwamba mkulima wa korosho au ufuta ameibiwa, tumwonyeshe anayehusika majina, tarehe, kilo na stakabadhi. Mnajua kangomba ilivyo: mtu mwenye njaa mwezi wa Februari anauza korosho ambazo hazijaonekana mtini, kwa bei ya bakuli, na msimu ukifika anavuna kwa ajili ya mwingine. Wengi wetu tunanung'unika vibarazani, na manung'uniko hayaandikwi popote. Kila Jumuiya ipate daftari na katibu mwaminifu. Akina mama na vijana waliosoma washike kalamu, kama Priscilla na Anna Gurney walivyoishika.

La pili ni kuuliza fidia inakwenda kwa nani. Ardhi ya Ruangwa ina dhahabu na kinywe, na barabara, migodi na mashamba makubwa vinahitaji nafasi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Je, tathmini ikifanyika, mwenye shamba anaisoma kabla ya kutia dole gumba? Tena tusitazame serikali na kampuni tu. Shamba limelimwa na mke na mume miaka 20, fedha zinapolipwa mume anazichukua peke yake, na mjane anafukuzwa na ndugu wa marehemu bila mbegu mkononi. Hiyo ndiyo fidia ya 1834 ikirudiwa ndani ya nyumba ya Mkristo: aliyevuja jasho anasahauliwa, na aliyehesabiwa kuwa mwenye mali ndiye anayelipwa.

La tatu ni kuwalinda watoto. Wapo wanaopita vijijini kutafuta wasichana wa kazi za nyumbani kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Si kila safari ya namna hiyo ni mbaya. Lakini mtoto anayeondolewa shuleni, asiyejulikana anakokwenda, ambaye mshahara wake anapewa mtu mwingine na hawezi kurudi kwao apendapo, anatofautianaje na aliyepitishwa njia ileile ya pwani zamani? Sheria ya nchi ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu na Sheria ya Mtoto ya 2009 zipo. Mwenyekiti wa Jumuiya ajue ni mtoto gani ametoka, ametoka na nani, na anafikia wapi.

Ndugu zetu wapendwa, Buxton alihitaji miaka 10 tangu hoja yake ya kwanza hadi sheria, na sheria yenyewe ilipatikana ikiwa na kasoro. Haba na haba hujaza kibaba. Hatutazamii kwamba daftari moja litaifuta kangomba, wala kwamba semina moja itamrudishia mjane shamba lake. Tunatazamia kwamba kila mmoja wetu atatoka hapa akiwa na jina la mtu mmoja aliyedhulumiwa, na kwamba kabla ya kumtafutia dawa ataketi naye na kumwuliza: wewe mwenyewe wataka nini?

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyelipwa fidia au bei ya mazao miaka ya karibuni, na ni nani aliyestahili akakosa?

2. Je, tunao watu wanaobezwa kwa sababu ya asili ya ukoo wao? Jumuiya ifanye nini?

3. Ni watoto wangapi wa Jumuiya yetu wako mbali kwa kazi, na tunajua habari zao?

4. Taja mpango mmoja wa maendeleo ulioletwa bila wananchi kuulizwa. Matokeo yake yalikuwa nini?